Mjenge Kwanza Anayedanganywa: Mwongozo kwa Mwandishi wa Riwaya za Taharuki

Miswada mingi ya taharuki ya kisaikolojia hufia mahali pamoja. Mume anamwambia mkewe kwamba zile funguo hakuziweka mezani kama anavyodhani, na mke anaamini. Wiki inayofuata anamwambia kwamba mgeni aliyemwona sebuleni hakuwapo kabisa, na mke anaamini tena. Mwandishi ametumia kurasa hamsini kutuonyesha ujanja wa mume: alivyochongesha funguo za pili, alivyofuta ujumbe kwenye simu, alivyomhonga mlinzi. Kuhusu mke tunajua tu kwamba ni mpole na hapati usingizi. Hapo msomaji anakiweka kitabu chini. Hana ugomvi na funguo za pili. Anayemkataa ni huyo mke. "Mtu mzima hakubali hivihivi," anasema, na ana haki.

Ushauri wote ninaokupa hapa unatokana na imani moja: katika riwaya ya aina hii, anayebeba mzigo wa kuaminika ni yule anayedanganywa. Mwovu akiwa mjanja kupita kiasi, msomaji humvumilia. Anayedanganywa akiwa mjinga, msomaji hamsamehi mwandishi. Kwa hiyo mjenge huyo kwanza, kabla hujapanga hila hata moja, kisha hila uzishone kwa kipimo chake.

Wala usijitetee kwa kusema kwamba jambo lako limewahi kutokea kweli. Aristotle aliliona hilo zaidi ya miaka 2300 iliyopita katika kitabu chake kuhusu sanaa ya ushairi na tamthilia: jambo lisilowezekana lakini lenye kushawishi hufaa zaidi katika hadithi kuliko jambo linalowezekana lakini halishawishi. Kwa mfano, mwandishi Agatha Christie alitoweka usiku wa tarehe 3 Desemba 1926. Gari lake lilikutwa limeachwa Newlands Corner, Surrey. Alipatikana baada ya siku 11 katika hoteli mjini Harrogate, akiwa amejiandikisha kwa jina la ukoo la mwanamke aliyekuwa na uhusiano na mumewe. Mumewe alieleza kwamba amepoteza kumbukumbu. Yote hayo ni kweli, na bado ukiyaweka katika mswada bila matayarisho, mhariri yeyote makini atakuuliza kama unamdhihaki.

Nitazitaja riwaya kadhaa na kufichua baadhi ya siri zake, maana ufundi wake hauelezeki bila hivyo.

Taa zilizofifia

Anza kwa kusoma tamthilia ya Patrick Hamilton iitwayo Gas Light, iliyoigizwa kwa mara ya kwanza Uingereza mwaka 1938. Imetengenezewa filamu mara mbili, 1940 na 1944, na hiyo ya pili ilimpatia Ingrid Bergman tuzo ya Oscar. Watu wengi wanaikumbuka kama hadithi ya mume anayepunguza mwanga wa taa ili mkewe adhani amerukwa na akili. Ukisoma tamthilia yenyewe utakuta jambo lililofikiriwa vizuri zaidi. Kila jioni mume anaaga na kutoka, kisha anarudi kwa siri hadi ghorofa ya juu iliyofungwa, ambako anatafuta vito vya bibi aliyewahi kuuawa katika nyumba hiyo. Akiwasha taa ya gesi huko juu, mwali wa taa ya chini anakokaa mkewe unapungua, kwa sababu taa zote zinagawana gesi ya bomba moja. Hakukusudia kumtisha kwa taa. Taa zinamsaliti.

Hapo kuna mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba dalili inayotia hofu imetoka katika namna nyumba inavyofanya kazi, wala si katika akili ya mwandishi anayetaka kututisha. La pili ndilo kubwa. Bella, yule mke, ameona taa zikififia usiku baada ya usiku, na bado hamwambii mtu. Kwa nini? Kwa sababu mama yake alikufa akiwa mgonjwa wa akili, na Bella anaogopa kuwa zamu yake imefika. Mume hakumpandikizia hofu hiyo. Aliikuta, akaitumia. Picha zinapopotea ukutani na vitu vidogo kukutwa kwenye kikapu chake, Bella ana maelezo tayari, na maelezo hayo anayaogopa kuliko mauti.

Kwa hiyo kabla ya kuandika sura ya kwanza, kaa na anayedanganywa wako na umuulize mambo matatu. Anaogopa nini kuhusu nafsi yake, hata kabla mwovu hajaingia? Akiukubali ukweli, atapoteza nini? Na ni nani angeweza kumfumbua macho kwa sentensi moja, na kwa nini mtu huyo hasemi? Swali la tatu ndilo waandishi wengi hulikimbia, na ndilo msomaji huliuliza kwanza.

Daphne du Maurier alilijibu vizuri sana katika Rebecca, riwaya ya mwaka 1938. Mke wa pili anaamini kwamba mumewe, Maxim, bado anampenda marehemu mke wa kwanza. Swali moja tu kwa Maxim lingemaliza riwaya. Lakini msimulizi huyu, ambaye hatuambiwi hata jina lake, ni binti yatima aliyekuwa akilipwa kumsindikiza mwanamke tajiri hotelini Monte Carlo. Ameolewa ghafla na mtu mwenye umri mkubwa kuliko wake, mali kuliko yake na jina kuliko lake. Anaona ndoa yenyewe ni bahati asiyostahili, na mtu wa namna hiyo hahoji. Bi Danvers, msimamizi wa nyumba, anapomshauri avae vazi fulani kwenye sherehe, anakubali, kwa kuwa anatamani kumpendeza mumewe. Hajui kwamba Rebecca alivaa lilelile. Angalia jinsi mtego ulivyolingana na tamaa ya aliyetegwa.

Kumbukumbu ina sheria zake

Waandishi wa taharuki wanapenda sana kusahau. Mhusika anasahau usiku mmoja, mwaka mmoja, hata mauaji aliyoyafanya mwenyewe, kisha katika sura ya mwisho anakumbuka kila kitu kwa mpangilio kama anayesoma ripoti. Hapa sharti ujifunze kidogo kabla ya kuandika.

Chukua ulevi. Mtu akinywa pombe nyingi kwa haraka, ubongo unaweza kushindwa kuhifadhi yanayotokea, ingawa wakati huo anaongea, anatembea, hata anagombana. Kama hifadhi ilikatika kabisa, hakuna kitu cha kukumbuka baadaye, kwa kuwa hakikuandikwa. Kama ilikatika vipandevipande, basi harufu, mahali au sauti inaweza kurudisha kipande. Rachel wa The Girl on the Train, riwaya ya Paula Hawkins ya mwaka 2015, anarudishiwa vipande namna hiyo, na mwandishi alikuwa mwangalifu kumrudishia kidogokidogo, vikiwa na makosa.

Lakini sababu ya kumwamini Rachel iko kwingine. Kila alipozinduka baada ya kulewa, mume wake wa wakati huo ndiye aliyemsimulia alichofanya jana yake: alivyomtukana, alivyomrushia kitu, alivyomwaibisha mbele ya watu. Yeye hakuwa na kumbukumbu ya kupingana naye, na alikuwa na aibu ya kutosha kuamini lolote baya juu yake mwenyewe. Pengo lilikuwapo, na mtu mwingine akalijaza. Elimu ya saikolojia inakubaliana na Hawkins hapa. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu filamu za ajali za magari, kisha wakawauliza kuhusu mwendo. Waliotajiwa kitenzi kikali zaidi walikadiria mwendo mkubwa zaidi, na wiki moja baadaye wengi zaidi miongoni mwao walidai kuona vioo vilivyovunjika, ilhali havikuwapo. Mwaka 1995 Loftus na Jacqueline Pickrell walionyesha kwamba takribani robo ya washiriki wao 24 walifikia kukubali, kwa kiasi fulani, kwamba waliwahi kupotea dukani utotoni, jambo ambalo halikutokea. Waliambiwa kwamba habari hiyo imetoka kwa jamaa zao. Ukitaka kumpa mhusika kumbukumbu ya uongo, basi usimpe kwa dawa wala kwa kipigo. Mpe kupitia mtu anayempenda, aliyeirudia hadithi hiyo mara nyingi, akiongeza jambo dogo kila mara.

Upotevu mkubwa wa kumbukumbu ni habari nyingine. Mmarekani Henry Molaison alifanyiwa upasuaji wa ubongo mwaka 1953 ili kumponya kifafa, na tangu hapo hadi kufa kwake mwaka 2008 hakuweza kuhifadhi matukio mapya. Sahau yake haikungoja usingizi; mgeni akitoka chumbani na kurudi, ilikuwa kama hajawahi kuja. Kwa kipimo hicho, Christine wa Before I Go to Sleep, riwaya ya S. J. Watson ya mwaka 2011, ambaye hukumbuka mchana kutwa na kufutika akilala, si mgonjwa wa kawaida. Wasomaji wamemkubali kwa maelfu hata hivyo. Sheria ya ugonjwa wake inatolewa mwanzoni kabisa na Watson haivunji ili ajinasue. Msomaji atakupa jambo moja lisilo la kawaida ukiliomba mlangoni. Ukiliomba sura ya ishirini, hakupi.

Mambo mengine nitayapitia haraka. Kitambaa chenye klorofomu hakimlazi mtu kwa sekunde tano. Huchukua dakika kadhaa za kuvuta, na wakati huo mtu anapigana. Pigo la kichwa linalomzimisha mtu kwa saa nzima si la kuamka na kukimbia. Huyo anahitaji hospitali haraka, na huenda asirudi alivyokuwa. Na mtu anayetafutwa na polisi, mwenye kidonda na asiyelala, hawezi kufikiri kama mcheza dama. Mchoshe.

Upweke katikati ya watu

Hapa ndipo mwandishi wa Kiswahili anapohitaji kufikiri upya, na ndipo ninapotaka tukae zaidi. Riwaya za Uingereza nilizozitaja zinategemea nyumba iliyojitenga: jumba la Manderley katika Rebecca, mtaa ambao jirani hujui jina lake. Ukiihamisha nyumba hiyo Manzese au Kisauni, riwaya inaporomoka siku ya kwanza. Nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati, choo na jiko uani, kuta ambazo mara nyingi haziendi hadi juu: ugomvi wa chumba cha kwanza unasikika chumba cha mwisho. Kuna mwenye duka anayejua nani amenunua nini na kwa deni. Kuna bodaboda anayejua nani kashukia wapi saa ngapi. Kuna dada wa kazi, na siri ya mtungi aijuaye kata. Kuna shangazi anayepiga simu kila Jumapili na kundi la WhatsApp la ukoo ambalo halilali.

Baadhi ya waandishi hukwepa tatizo hili kwa kumpeleka mhusika kwenye jumba la geti Masaki au Nyali, lenye ukuta mrefu na mbwa. Inawezekana, na wakazi wake wana hofu zao halali. Lakini nadhani wanaikimbia riwaya kubwa zaidi, ile ya mtu aliye mpweke katikati ya watu ishirini. Kwetu watu hawatengwi kwa umbali. Wanatengwa kwa aibu na heshima. Bibi harusi ameambiwa na somo wake, au kungwi, kwamba mambo ya ndani hayatoki nje. Akimlalamikia mama, anaambiwa avumilie, hata yeye alivumilia. Jirani amesikia kila kitu kupitia ukutani na asubuhi anamwamkia mume kwa adabu, kwa sababu kuingilia ndoa ya watu ni kujitafutia lawama. Watu wote wanajua na hakuna anayesema. Swali la tatu nililokupa, nani angemfumbua macho na kwa nini hasemi, hapa lina majibu kumi, na kila jibu ni mhusika.

Na hofu ya Bella ya kurithi wazimu ina ndugu yake kwetu. Mume akisema mkewe ana majini, ukoo mzima unaweza kukubali kabla jua halijazama. Mganga ataitwa, chetezo kitawashwa, na kila mara mke anaposhikilia kwamba hana kitu, ukanushaji wenyewe utahesabiwa kuwa dalili. Mke mwenyewe, ikiwa bibi yake aliwahi kupandisha, hataweza kukataa kwa moyo wote. Tahadhari moja tu: amua tangu mwanzo kama jini yupo kweli katika dunia ya riwaya yako. Ukimfanya yupo katika sura ya mwisho ili akutatulie fumbo, umeandika hadithi nyingine na umemdhulumu msomaji aliyekuwa akifuatilia watu.

Binti aliyetoka Tanga au Kilifi kwenda kufanya kazi za ndani Muscat hahitaji kuzushiwa upweke. Chini ya mfumo wa kafala, ukaazi wake umefungwa kwa mwajiri. Pasipoti mara nyingi inashikwa, simu inaweza kuchukuliwa, na lugha ya nyumba haijui vizuri. Akiambiwa na wakala kwa simu kwamba nyumbani mama amepona na hela zimefika, atalijuaje jambo hilo kuwa uongo?

Fasihi yetu imezoea taharuki ya nje. Muhammed Said Abdulla alimleta Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), Faraji Katalambulla akaandika Simu ya Kifo (1965), kisha wakaja Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Hao ni wapelelezi na majasusi. Hatari inatoka nje na ujasiri unaishinda. Aliyekwenda ndani ya kichwa cha mhusika na kukaa humo ni Euphrase Kezilahabi, hasa katika Kichwamaji (1974). Ninaamini riwaya ya taharuki ya kisaikolojia ya Kiswahili itazaliwa pale njia hizo mbili zitakapokutana, na bado nafasi ni kubwa kwa atakayethubutu.

Tafuta bomba lako la gesi

Usiinakili taa ya Hamilton. Tafuta kitu katika nyumba ya mhusika wako kinachofanya kazi ileile. Nitakupa mfano. Mume amesema anakwenda Mwanza kikazi kwa siku nne. Mke amebaki peke yake Tegeta. Nyumba ina mita ya umeme ya LUKU, na nyuma kuna chumba cha nje kilichofungwa, kinachotumia mita hiyohiyo. Mke anajua matumizi yake, maana ndiye anayenunua umeme. Usiku wa kwanza uniti zinapungua kuliko alivyotarajia. Usiku wa pili vilevile.

Sasa piga hesabu, usikisie. Feni ya kawaida ikizunguka usiku kucha hula takribani nusu uniti. Taa ya kisasa haifikii hata sehemu ya kumi ya uniti. Hakuna mtu atakayegundua hayo. Lakini jiko la umeme la wati 1000 likiwashwa kwa saa mbili limekula uniti mbili. Kwa hiyo huyo aliyejificha chumba cha nje lazima anapika, au anachemsha maji, na sasa umelazimika kujua anapika nini na kwa nini. Hesabu imekuzalia tukio. Hata kama msomaji hatapiga hesabu hiyo, fundi umeme atakayesoma kitabu chako ataipiga, na atawaambia wengine.

Kisha rudi kwa anayedanganywa. Ameona uniti zimepungua; kwa nini asimpigie mtu simu? Labda mwezi uliopita mume alimsema mbele ya mama mkwe kwamba ni mbadhirifu wa umeme, na sasa akilalamika ataonekana anatafuta kisingizio. Sentensi hiyo moja, iliyowekwa kurasa thelathini nyuma katika mazungumzo ya mezani, inaifanya hila yote isimame.

Simu nayo usiikwepe kwa kuifanya iishe chaji kila inapokusumbua. Tom Ripley wa Patricia Highsmith, mwaka 1955, aliweza kumfanya marehemu Dickie Greenleaf aendelee kuishi kwa barua zilizopigwa kwa taipureta ya marehemu na saini za kughushi. Leo Marge, rafiki wa Dickie, angeomba simu ya video. Kwetu kuna zaidi: ukimtumia mtu pesa kwa M-Pesa, jina lililosajiliwa linaonekana, na Tanzania kuanzia Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa. Mtu anayeishi maisha mawili kwa majina mawili anahitaji laini iliyosajiliwa na mtu mwingine. Usilichukulie hilo kama kikwazo. Mtu huyo mwingine, aliyeweka kidole chake kwa ahadi ya pesa kidogo, ni mhusika mpya anayejua nusu ya siri na anaogopa.

Na kama kuna maiti, fikiria waoshaji. Katika familia ya Kiislamu ya pwani mazishi hufanyika haraka, mara nyingi siku hiyohiyo, na mwandishi huona hapo ni salama kwa muuaji. Anasahau kwamba kabla ya kaburi kuna mikono ya watu wanaoosha mwili wote, kwa utulivu, na wanaoona shingo. Kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, mume anaruhusiwa kumwosha mkewe, lakini kwa desturi kazi hiyo hufanywa na wanawake. Mume akishikilia kwamba ataosha mwenyewe, wengine watasema ni mapenzi makubwa. Mama mmoja aliyezoea kazi hiyo atanyamaza na kumtazama. Nipe sura hiyo kuliko kufukuzana kwa magari.

Mwovu apungukiwe

Ukishamjenga anayedanganywa, mwovu wako hahitaji kuwa na akili ya ajabu. Ripley anaaminika kwa sababu Bwana Greenleaf mzee anatamani mtu wa kumrudisha mwanawe nyumbani, na kwa sababu barua za uongo zinamwambia Marge jambo ambalo tayari anaogopa, kwamba Dickie hampendi kiasi hicho. Mengine Ripley anabahatisha. Freddie Miles, rafiki mwingine wa Dickie, anauawa bila mpango wowote, kisha muuaji anahangaika kumshusha chini akijifanya anamsaidia rafiki aliyelewa. Tunaamini mahangaiko kuliko mpango uliokamilika.

Gillian Flynn alifanya vivyo hivyo katika Gone Girl (2012). Mpango wa Amy wa kumsingizia mumewe kwamba amemuua umeandaliwa muda mrefu na karibu unakera kwa ukamilifu wake, ndiyo maana Flynn anauvunja: fedha za Amy zinaporwa na watu wawili aliowadharau. Sehemu ya mwisho, ambapo maelezo yake kwa polisi yanapokewa, huwakwaza wasomaji wengi, nami naona ndipo palipo dhaifu. Flynn alipaimarisha kwa kumweka mpelelezi Boney, anayetilia shaka yale tunayoyatilia shaka sisi lakini hana namna ya kuyathibitisha. Iga mbinu hiyo. Pale hadithi yako inapoyumba, mpe mhusika mwenye akili alisemee shaka la msomaji kwa sauti, kisha mjibu kikamilifu, au mwache akiwa sahihi na asiye na nguvu.

Sadfa inaruhusiwa kuanzisha balaa, hairuhusiwi kulimaliza. Wanaume wawili kukutana kwenye treni na mmoja kupendekeza wabadilishane mauaji ni sadfa tupu, na Highsmith aliiweka mwanzoni mwa Strangers on a Train (1950), ambako haimuudhi mtu.

Kuhusu msimulizi asiyeaminika, kuna mpaka. Anaweza kuacha jambo bila kulitaja, kama Daktari Sheppard katika The Murder of Roger Ackroyd ya Christie (1926). Anaweza kuandika uongo kwa ajili ya msomaji maalumu, kama Amy anavyoandika shajara ili polisi waipate. Hawezi kujidanganya mwenyewe katika fikra zake za faragha kwa faida yako wewe mwandishi. Ukimaliza rasimu, soma upya kila ukurasa wake ukijua mwisho. Kila wazo lake lazima libaki kuwa wazo ambalo mtu anayejua anayoyajua angeweza kuwa nalo wakati ule.

Na tafadhali usimalize kwa ugonjwa wa akili. Skizofrenia haimgawi mtu kuwa watu wawili, na wagonjwa wa akili hudhuriwa na wengine mara nyingi zaidi kuliko wanavyodhuru. Riwaya inayofunga kwa kusema "kumbe alikuwa mgonjwa" haijaeleza chochote, na inawaumiza watu ambao tayari wanafichwa vyumba vya nyuma. Mhusika wako akipelekwa hospitali ya Mirembe au Mathari, nenda kamuulize muuguzi wa akili jinsi mgonjwa anavyopokelewa, nani anasaini, dawa zinampa hali gani, na ndugu wanaruhusiwa lini.

Mswada ukikamilika, usiwape waandishi wenzako peke yao. Mpe muuguzi, mpe askari, mpe mama aliyewahi kuosha maiti, mpe dada wa kazi anayependa kusoma. Usiwaulize kama wameupenda. Waulize ni ukurasa upi walitaka kumshika mhusika bega na kumwambia amka. Huo ndio ukurasa wa kurudia, na mara tisa kati ya kumi tatizo halitakuwa kwa mwovu. Leo hii fungua rasimu yako, tafuta mahali pa kwanza ambapo anayedanganywa anaamini, uandike pembeni kwa sentensi moja kwa nini anaamini. Usipoipata sentensi hiyo, usiandike sura inayofuata kwanza.